Milimita Kumi na Saba

Kunja mkono wa shati, ndugu msomaji, ulitazame bega lako la kulia. Kama ulizaliwa Tanzania na mama yako akakupeleka kliniki, yaelekea utakuta hapo kovu dogo la mviringo, ngozi imejikunja kama karatasi iliyolowa ikaanikwa juani. Kama wewe ni Mkenya, usilisumbue bega. Tazama mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja. Chuoni tulikuwa na mshikaji mmoja kutoka Kisumu, na usiku mmoja umeme ulipokatika tukawa tunalinganisha makovu kwa mwanga wa simu. Chanjo ni ileile, BCG, ya kukinga kifua kikuu. Wenzetu wameamua tu kuipiga muhuri mahali pengine.

Mimi ninalo kovu hilo. Kaka yangu hakuwa nalo. Na kaka yangu hayupo tena.

Nimekaa na jambo hili tangu 2018. Mara mbili tatu nimelianza kama hadithi ya kubuni, nikampa kaka jina jingine, nikamfanya dereva badala ya konda, kisha nikachana karatasi. Leo nalisema kama lilivyo.

*

Kaka alizaliwa 1990, masika, kijijini kwetu upande wa Kilosa. Alizaliwa nyumbani, mikononi mwa bibi. Alipotimiza wiki tatu mama alimfunga mgongoni, akatembea mpaka zahanati. Alipofika aliambiwa arudi wiki ijayo siku ya kliniki, kwa sababu siku hiyo watoto walikuwa wachache mno. Wakati ule mama hakuelewa sababu. Mimi nimekuja kuielewa ukubwani. Kichupa kimoja cha BCG hutosha watoto wengi, mara nyingi ishirini, na kikishachanganywa na maji yake lazima kitumike ndani ya saa sita. Zikipita, kinachobaki kinatupwa. Muuguzi mwenye vichupa viwili kabatini hawezi kufungua kimoja kwa ajili ya mtoto mmoja bila kujiuliza mara mbili.

Basi mama akarudi nyumbani. Wiki iliyofuata mto ulifurika, njia ikakatika. Baada ya mto kukawa na palizi, baada ya palizi homa, baada ya homa mavuno, kisha baba akapata kibarua Dar es Salaam, familia ikapanda treni. Hakuna aliyeuliza tena habari za bega la mtoto. Mimi nilizaliwa 1997, hospitali ya mjini, nikadungwa sindano kabla sijajua mwanga na giza.

Tulipokuwa wadogo kaka alinitania kwa kovu langu. Alisema mimi nimepigwa chapa kama ng'ombe wa mnadani, yeye ni mtu huru. Mama alikuwa akicheka, lakini nakumbuka alikuwa akicheka nusunusu.

*

Mwaka 2018 tulikuwa tumepanga vyumba viwili Tandika. Mama na mdogo wetu wa kike chumba kimoja, mimi na kaka cha pili. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kaka alikuwa konda wa daladala. Ada yangu ya chuo ilitoka mfukoni mwake, noti za elfu moja moja zilizokunjwa kwa urefu kama makonda wanavyozishika vidoleni.

Alianza kukohoa mwishoni mwa masika. Tukasema vumbi. Tukasema moshi wa magari. Akanunua dawa ya kikohozi dukani, ya maji, chupa ya kwanza, ya pili. Mwenye duka akamwuzia na vidonge vya rangi mbili, akamwambia meza hivi siku tano. Akameza. Kikohozi kikapungua siku tatu, kikarudi na ndugu zake.

Sasa nifike pale ambapo kalamu yangu huwa inakwama. Usiku mimi nilikuwa naandika. Nilikuwa na daftari la kaunta buku, nikitunga hadithi niliyoamini ingenitoa kimaisha. Chumba chetu kilikuwa cha futi kumi kwa kumi, dirisha moja, na hilo dirisha tulilifunga kwa kuogopa vibaka na mbu. Kaka alilala godoroni nyuma yangu, anakohoa. Sentensi ikishika njia, anakohoa. Ikishika tena, anakohoa. Usiku mmoja nikamgeukia nikasema, "Kaka, si utoke ukakohoe nje?"

Akatoka. Hakusema neno. Alivaa ndala, akafungua mlango taratibu, akakaa uani. Na usiku uliofuata alitoka mwenyewe bila kuambiwa.

Mwezi wa tatu wa kikohozi akatema damu ndani ya gari, kituoni, mbele ya abiria. Ndipo tukaenda hospitali. Makohozi yakapimwa kwa mashine, majibu yakatoka siku ileile: kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa nne katika kidonge kimoja, mkojo wake ukawa mwekundu kama chai ya rangi, akacheka akasema sasa anakojoa juisi ya ukwaju. Lakini picha ya kifua ilionyesha pafu la kushoto limeliwa sana. Tulichelewa. Wiki ya tano ya dawa alifariki, alfajiri, akiwa na miaka 28.

Kwenye msiba mama hakulia kama wanavyolia watu. Alikaa kwenye jamvi, anasema neno moja kwa kila aliyekuja kumpa pole: "Ni mimi. Sikumchanja."

*

Baada ya arobaini walikuja wahudumu wa afya nyumbani. Mtu akiugua TB ya mapafu, wote waliolala naye chumba kimoja hutafutwa wapimwe. Kumbe pia kulikuwa na watafiti waliokuwa wakifuatilia watu wa namna yetu, walioishi na mgonjwa. Wakaniuliza kama nitakubali kupimwa zaidi ya kawaida. Nikasaini. Nilikuwa na lengo langu moyoni, ambalo sikuliandika kwenye fomu. Nilitaka kujua kama kuna kipimo duniani kinachoweza kumwambia mama yangu kwamba hakumwua mwanawe.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha ngozi. Dada mmoja wa maabara, mpole, mwenye miwani, alinidunga sindano nyembamba juujuu ya ngozi ya mkono wa kushoto. Dawa yenyewe ni tone tu, sehemu moja ya kumi ya mililita. Papo hapo pakavimba kipele cheupe, kikapotea. Akaniambia nirudi baada ya siku mbili au tatu, nisikwaruze.

Kilichokuwa ndani ya sindano ile kinaitwa tuberkulini, protini zilizotolewa kwa bakteria wa TB. Kina historia yake, na ukiijua unacheka kwa huzuni. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alitangaza tuberkulini mwaka 1890 akidhani amepata dawa ya ugonjwa. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Haikuponya. Lakini watu waligundua kwamba mwili uliowahi kukutana na bakteria hao humkasirikia mgeni huyu, ngozi inavimba. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet huko Vienna akaifanya kipimo, na mwaka uliofuata Charles Mantoux wa Ufaransa akaonyesha namna ya kuidunga ndani ya ngozi, ndiyo hiyo niliyodungwa mimi. Yaani kitu kilichoshindwa kuwa dawa kikapata kazi ya ushahidi.

Niliporudi, mkono ulikuwa mwekundu na umevimba. Nikadhani atapima wekundu. Hapana. Yule dada alifumba macho kidogo, akapapasa kwa kidole kutafuta mahali ugumu wa uvimbe unapoanzia na unapoishia. Akachukua kalamu ya wino ya kawaida, bik hiihii ninayoandikia, akaisukuma polepole kutoka pembeni mpaka ikagota kwenye ukingo wa uvimbe, akaweka alama. Upande wa pili vilevile. Kisha rula. Kisha akaandika: 17.

"Milimita kumi na saba," akasema.

"Ni nyingi?"

"Kwetu hapa, kumi kwenda juu tunasema ndiyo."

"Ndiyo nini?"

Akatabasamu. "Hapo ndipo kazi inapoanzia."

*

Alinieleza, na yaliyobaki nimeyasoma mwenyewe miaka iliyofuata, maana jambo hili halikuniacha.

BCG si kama chanjo nyingi nyingine ambazo ni vipande vya kijidudu au kijidudu kilichouawa. Ni bakteria hai. Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, walianza mwaka 1908 katika jiji la Lille kuotesha bakteria wa TB ya ng'ombe juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa katika nyongo ya ng'ombe. Kila baada ya wiki tatu hivi walichukua kidogo, wakaotesha upya. Vita Kuu ikaja, Wajerumani wakaishika Lille, wao wanaendelea na viazi vyao. Miaka 13, mara 230. Mwishowe bakteria akawa mpole, amesahau namna ya kuua lakini bado yu hai. Mwaka 1921 huko Paris alipewa mtoto wa kwanza, kwa kumnyweshwa, mtoto ambaye mama yake alikufa kwa TB na aliyekuwa akienda kulelewa na bibi mwenye TB. Mtoto yule alisalimika.

Ukidungwa bakteria hao begani, wanaishi. Wanakaa pale, chembe nyeupe za damu zinawajia, panavimba, baada ya wiki kadhaa panatoka kidonda kidogo, kinapasuka, kinapona. Kovu ni alama ya vita hiyo. Kwa hiyo nilipokuwa mtoto, kovu lilikuwa kipimo cha kwanza kabisa cha mwili wangu: muuguzi alitazama bega akajua sindano ilishika. Lakini hata kipimo hicho si cha kuaminika sana. Wapo watoto wanaochanjwa vizuri wasipate kovu, na wengine kovu hufifia wakikua.

Na hapo ndipo milimita zangu 17 zilipoingia utata. Protini za tuberkulini ni mchanganyiko, na nyingi kati yake zimo pia ndani ya BCG. Mwili wa mtu aliyechanjwa unaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo, na unaweza kuvimba kwa sababu ya bakteria wa TB wenyewe. Rula haijui tofauti. Inajua urefu tu.

"Ndiyo maana tunachukua na damu," akasema yule dada.

Damu yangu ilitiwa katika vichupa vinne, mililita moja kila kimoja. Kimoja kilikuwa hakina kitu, ili kujua damu inasema nini ikiwa haijaulizwa. Kimoja kilikuwa na kichocheo kikali, ili kuhakikisha chembe zangu zina nguvu ya kujibu lolote. Na viwili katikati vilikuwa na protini mbili tu za bakteria wa TB. Uzuri wa protini hizo ni kwamba BCG hana. Alizipoteza kwenye viazi vya Calmette. Ni sehemu ya kile alichosahau, na wanasayansi waliligundua pengo hilo miaka ya 1990 walipolinganisha vinasaba vyao. Vichupa vililazwa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37, joto la mwili, kana kwamba bado vimo ndani yangu. Kama chembe zangu ziliwahi kukutana na bakteria wa kweli, zingewatambua, nazo zingetoa kemikali iitwayo intaferoni gama, ambayo ndiyo kelele ya kuitana. Asubuhi mashine inapima kelele hiyo. Mstari wa mpaka ni 0.35.

Yangu ilipita 4.

Kwa Kiswahili cha mtaani: mimi, mwenye kovu, niliyechanjwa, bakteria wa TB alishaingia kwangu. Hakunilaza kitandani. Pengine amelala, pengine mwili umeshammaliza, kipimo hakisemi. Kati ya watu wa hali yangu, kama watano hadi kumi katika mia ndio huja kuugua siku moja. Nilipewa vidonge vya kinga, kimoja kila siku, miezi sita, nikavimaliza vyote.

Kisha nikamwuliza yule dada swali nililokwenda nalo. Hivi, mtu ambaye hana kovu, kuna kipimo cha kujua kama angechanjwa angepona?

Alivua miwani, akaifuta. "Kaka, hata kwa waliochanjwa hatuna kipimo cha kujua nani amekingwa."

*

Maneno hayo niliyafikiria sana, kwa sababu niliona maabara ile imejaa vipimo. Inakuwaje mnapima yote haya na hamjui?

Lakini ndivyo ilivyo. Karibu na Cape Town watafiti walichukua damu za watoto wachanga waliopewa BCG, wakiwa na wiki kumi, wakazihifadhi. Wakafuatilia maelfu ya watoto hao waone nani ataugua TB na nani hataugua. Kisha wakarudi kwenye zile damu: chembe ngapi ziliitambua BCG, zilitoa kemikali gani, kwa wingi gani. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba watoto waliougua na wasiougua hawakutofautiana katika vipimo hivyo. Mwili uliojibu kwa kelele nyingi haukuwa umekingwa kuliko uliojibu kwa sauti ndogo.

Huko huko Afrika Kusini, 2018, mwaka uleule tuliomzika kaka, kulitoka habari iliyofanya wengi washike matumaini. Vijana 990 walifuatiliwa, baadhi yao wakachanjwa BCG mara ya pili, na wale waliochanjwa tena walionekana kupungukiwa na maambukizi ya kudumu kwa asilimia 45, kwa kipimo kilekile cha intaferoni gama nilichopimwa mimi. Wakarudia kwa vijana zaidi ya 1,800. Majibu yakachapishwa 2025: chanjo ya pili ilichangamsha chembe za kinga, lakini haikuzuia maambukizi. Kelele ilikuwepo. Ulinzi haukuonekana.

Na kuhusu watu wazima, nilisoma habari ya Chingleput, karibu na Madras, India. Kuanzia 1968 zaidi ya watu 250,000 walishirikishwa, wengine wakapata BCG, wengine maji matupu ya sindano. Taarifa ya 1979 ilisema BCG haikuwakinga na TB ya mapafu. Kwingine duniani, Uingereza kwa mfano, ilikinga vizuri. Wataalamu wamebishana tangu hapo. Wanachokubaliana ni kwamba mtoto mchanga akichanjwa hukingwa vizuri na TB ya ubongo na ile inayosambaa mwili mzima, ambazo huua watoto haraka. Kwa ajili hiyo mwanangu, nikijaliwa, atachanjwa siku anayozaliwa, na nitamsindikiza mwenyewe. Lakini TB ya mapafu ya mtu wa miaka 28, anayelala chumba kisicho na hewa na kushinda ndani ya daladala iliyojaa, hiyo sindano ya siku ya kuzaliwa haina uhakika nayo.

Nilisoma pia habari za Lübeck, Ujerumani. Mwaka 1930 chanjo iliyoandaliwa maabarani hapo ilichanganyika na bakteria wakali wa TB, na watoto 72 wakafa. Nikawawaza wale akina mama. Wao waliwapeleka watoto wachanjwe. Walifanya kila walichoambiwa. Nao bila shaka walikaa mahali wakisema: ni mimi.

*

Niliongea na mama siku ya Jumapili alfajiri, anapika vitumbua. Huwa anaanza saa kumi ili saa kumi na mbili wateja wawe wanapita. Nilikaa kwenye kigoda, nikakunja mkono wa shati.

"Mama, unaliona hili?"

"Naliona. Ndui yako." Yeye chanjo zote za begani huziita ndui.

Nikamwambia kuhusu rula, na kuhusu vichupa vinne. Nilimweleza kwamba ugonjwa uliomwingia kaka uliniingia na mimi.

Akaacha upawa. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Na hilo kovu?"

"Pamoja na kovu, mama."

Alinyamaza mpaka vitumbua vya kwanza vikaungua upande mmoja, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akavitoa, akaviweka pembeni. Alishika bega langu, akaliminya kovu kwa vidole viwili, kama anavyominya embe sokoni kujua kama limeiva.

"Kwa hiyo si ule mto," akasema.

Nilitaka kusema, naam, si ule mto. Lakini sikuwa mkweli kama ningeishia hapo, kwa sababu hakuna anayeweza kuapa kwa mtu mmoja. Nikamwambia kwamba sindano ile ni ya kuwakinga watoto, na kaka hakuugua utotoni, alivuka. Alichougua ukubwani hata waliochanjwa wanakiugua. Kwamba dawa zipo, na zinaponya. Kilichomshinda kaka ni kwamba tulimfikisha kwenye dawa akiwa amebaki pafu moja.

Kisha nikasema lile jingine, nikitazama jiko. "Mama, mimi nilimwambia akakohoe nje. Nilikuwa naandika."

Nilingoja anipige, au alie. Alimimina uji wa unga kwenye vishimo vya kikaango, kimoja kimoja, vyote saba.

"Alikuwa akikohoa hapo mlangoni kwangu," akasema. "Nilimpa tangawizi. Kila usiku nilimchemshia tangawizi, nikarudi kulala." Akavigeuza. "Sote tulisikia."

Hatukuongea zaidi. Kukapambazuka, wateja wakaja. Lakini tangu siku ile sijamsikia tena akisema sikumchanja.

*

Ninyi wenzangu mnaoandika usiku mtanielewa nikisema hadithi ile ya kaunta buku sikuimaliza. Ninalo daftari bado. Kuna ukurasa ambapo sentensi imekatika katikati ya neno, na najua kabisa ni kikohozi gani kiliikata.

Ule uvimbe wa milimita 17 ulisinyaa baada ya siku chache. Uliacha doa jeusi kidogo, nalo likapotea. Kovu la bega lipo palepale. Nikiulizwa leo vipimo vile vilinisaidia nini, nitasema vilinionyesha mwili wangu umekutana na nini. Havikunionyesha kama nimesalimika. Kwa mama vilifanya kazi nyingine kabisa, ambayo yule dada mwenye miwani hakuiandika kwenye fomu yake.

Kuna kipimo kimoja tu ninachokiamini bila utata, na hakihitaji maabara. Kikohozi kikizidi wiki mbili, mtu apelekwe hospitali akapimwe makohozi. Siku kumi na nne, kalenda ya ukutani inatosha. Mwezi uliopita mpangaji mwenzetu wa chumba cha uani alianza kukohoa usiku. Nilichora mstari kwenye kalenda. Siku ya kumi na tano nilifunika kalamu, nikavaa ndala, nikaenda kumgongea mlango.